Nani Anarudi?

Walinirudishia viatu vya mume wangu ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyevileta. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha cherehani, akakataa kiti, akakataa chai, akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya suruali za watu.

"Shemeji," akasema, "kamati imekaa. Imesikitika sana. Lakini utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu upi?"

"Wanaopandishwa ukutani ni waliofika. Na marehemu, Mungu amrehemu, hakuwahi kufika."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Namshukuru Mungu kwamba meza ilikuwa kati yetu.

Chama chetu ni cha watu wanaokwenda hija kwa miguu. Kila mwaka, mvua zikishakatika, wanatoka hapa mjini na kutembea mpaka Mlimani, kwenye nyumba ya sala ambayo mlango wake hufunguliwa asubuhi moja tu kwa mwaka. Ukichelewa asubuhi hiyo, subiri mwaka mwingine. Miezi inayobaki ni ya kujiandaa. Jumamosi tunazunguka mji na mabegi yaliyojazwa mchanga, na watoto wanatufuata wakiuliza tumefukuzwa na nani. Alhamisi jioni tunakutana ukumbini kwetu, chumba kirefu nyuma ya karakana ya matairi, kinachonuka mpira hata ukipiga deki kwa sabuni ya unga. Tunaziita Alhamisi za miguu. Watu wanaloweka miguu kwenye mabeseni, wanakatana kucha, wanapakana mafuta visiginoni na kugombana kuhusu soksi. Mwokaji mikate na muuza dawa hawajasalimiana vizuri tangu walipobishana kama mtu avae pea moja au mbili. Mimi kazi yangu ni kushona mikanda ya mabegi na kutoboa malengelenge kwa sindano niliyoipitisha motoni. Ndiyo maana naitwa Mama Sindano. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na ulimi, na sijawahi kuwabishia.

Ukutani pale ukumbini kuna misumari. Mwanachama akifariki, viatu vyake vya mwisho hutundikwa hapo, na jina lake huandikwa chini kwa rangi nyeupe. Si pambo. Kabla ya safari kila mtu hupita akavigusa, kimoja kimoja, halafu ndipo watu wanatoka. Kwa hiyo asiyekuwepo ukutani haguswi, na siku ya safari haondoki na wenzake.

Mume wangu alikuwa kinyozi, na jina lake kwa kila mtu lilikuwa Kinyozi, hata kwangu siku nikiwa nimemkasirikia. Alifia kazini. Alianguka dukani mashine ikiwa bado inalia mkononi mwake, na mteja aliyekuwa kitini alikuja mazishini akiwa amenyolewa upande mmoja. Nilipomwambia akamaliziwe alisema bado, kwanza wamzike. Huyo ni mteja tu. Mtu wa kukaa kitini nusu saa alijua heshima. Waliotembea na mume wangu maisha yao yote walikaa kamati.

Na kwa nini hakufika? Hapo ndipo damu inaponichemka, na itachemka mpaka nami nizikwe.

Chama kina sheria moja iliyo kubwa kuliko zote. Mtu akiumia au akiugua njiani, safari inasimama. Kiongozi anauliza kwa sauti, "Nani anarudi?" Hachagui mtu, hamtazami mtu, anauliza tu. Na mpaka mmoja aseme "mimi," hakuna anayeruhusiwa kupiga hatua mbele. Huyo mmoja atambeba au atamshika mkono mgonjwa na kurudi naye mpaka kwenye barabara ya magari, kisha mpaka nyumbani kwake. Baada ya hapo Mlimani hapafikiki tena mwaka huo.

Basi kila mwaka kuna anayeumia. Na kila mwaka swali likiulizwa, kabla halijaisha, Kinyozi alikuwa ameshasema mimi. Alirudi na mwokaji mikate goti lilipomvimba. Alirudi na muuza dawa, ambaye alisahau dawa zake mwenyewe. Alirudi na wifi yangu, dada yake, kisigino kilipopasuka. Na alirudi na mke wa Mwenyekiti. Ndiyo, mke wake! Mama wa watu alianza kutapika tulipofika mtoni, akalala chini hajiwezi, na mumewe akasema yeye ni kiongozi, hawezi kuwaacha kondoo. Akaendelea na safari, akafika, akasali, akarudi na picha. Kinyozi ndiye aliyemleta yule mama mpaka sebuleni kwake.

Nilikuwa namtania. "Wenzako wanakwenda hija, wewe unakwenda matembezi." Alikuwa ananiangalia kwenye kioo huku anajipaka mafuta miguuni. "Mlima hauhami, mke wangu. Anayehama ni mtu."

Akahama yeye.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda ukumbini na ule mfuko wa plastiki. Niliwakuta wote miguu majini, mabeseni yamepangwa duara, chupa ya chai katikati. Nikafurahi. Mtu mwenye miguu ndani ya beseni hawezi kutoka mbio.

"Nataka kuuliza jambo," nikasema. "Kuna mtu humu ambaye mume wangu hakuwahi kumrudisha, au hakumrudishia ndugu yake?"

Mwokaji mikate alianza kuangalia vidole vyake vya miguu kwa makini. Muuza dawa aliongeza chumvi kwenye maji ambayo yalikuwa na chumvi tayari.

"Mwokaji. Goti lako halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Limepona wapi? Mlimani?"

"Hapana, mama. Nyumbani."

"Nani alikufikisha nyumbani?"

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu, na mpaka leo hakuna kitu anachokiona bila kukipima. "Shemeji, hakuna anayekataa wema wa marehemu. Lakini tukisema aliyerudi ni sawa na aliyefika, kesho kila mvivu ataishia kwenye kona ya kwanza na kudai msumari. Kufika ni kufika."

Asante ya punda ni mateke, na punda naye angalau hafanyi kikao kwanza. Niliwaambia hivyo hivyo. Wakainamisha vichwa wote, na si kwa aibu, bali kwa kungoja nimalize. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko mateke yenyewe. Watu hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa wameuzoea wema wake, kama mtu anavyolizoea bomba linalotoka maji, akadhani maji ni haki yake.

Wifi alinifuata nje, viatu mkononi, miguu inachuruzika. "Wifi yangu, achana nao. Tenda wema uende zako, usingoje shukrani."

"Kaka yako ametenda, na amekwenda zake. Niliyebaki kungoja ni mimi."

"Sasa utafanya nini?"

Sikumjibu yeye. Nilirudi ndani, nikasimama mbele ya Mwenyekiti. "Viatu hivi vikifika Mlimani, mtavipandisha?"

Akafikiri. "Vikifika, kamati itaangalia."

"Sikuuliza macho ya kamati. Nimeuliza mtavipandisha?"

Akawatazama wenzake, nao wakatazama mabeseni. "Vikifika," akasema, "tutavipandisha."

Nilikuwa sijawahi kwenda Mlimani hata mara moja. Mimi nilikuwa wa kushona na kubaki. Mtu mmoja wa nyumba lazima alinde duka, na kwetu mwenye kutembea alikuwa yeye. Nikaanza na Jumamosi zao, begi la mchanga mgongoni, nikihema nyuma ya watu wanaonipita wakiwa wanapiga soga. Magoti yakanikumbusha umri wangu. Hasira ni chakula kizuri lakini haitoshi kupanda kilima, hilo nililijua mapema. Nikapunguza maneno, nikaongeza mazoezi, na wifi akasema huo ndio muujiza wa kwanza wa hija hii.

Siku ya kutoka, watu walipita ukutani wakigusa viatu vya waliotangulia. Mimi nilikaa mlangoni, mkono ndani ya begi, nimeshika vya kwangu.

Safari yenyewe siwezi kuisimulia kwa uzuri, maana nilikuwa naangalia chini. Nilijifunza kwamba kokoto ndogo ni mbaya kuliko jiwe kubwa. Nilijifunza kwamba watu wanaokorofishana kuhusu soksi mjini wanagawana soksi njiani bila kuulizana. Waliniheshimu, sitadanganya. Mwokaji alinibebea maji. Jioni walinyoosha miguu mbele yangu kama kawaida, na mimi nilitoa sindano, nikawatoboa malengelenge mmoja mmoja. Sikuwachoma zaidi ya ilivyohitajika, ingawa wifi alikuwa akiniangalia kwa wasiwasi.

Nyuma yangu alikuwa akitembea mwalimu wa chekechea, binti mgeni kabisa kwenye chama, mcheshi, anayeimba nyimbo za watoto wake tukipanda. Nilimpenda. Alinishika mkono mahali palipokuwa na utelezi bila kunifanya nijione mzee.

Mguu ulioteleza ukawa wake. Tulikuwa tumebakiza mteremko mmoja na mpando wa mwisho. Nyumba ya sala ilikuwa inaonekana juu, nyeupe, na kesho yake asubuhi ndiyo mlango unafunguliwa. Alikanyaga jiwe lenye majimaji, mguu ukapinda chini yake, akakaa kitako na uso ukabadilika. Nilimfungua kiatu mwenyewe. Kifundo kilikuwa kinavimba huku nakitazama. Nikakifunga kwa kitambaa, nikakaza, na kwa jinsi alivyonibana bega nilijua huyu haendi mbele.

Mwenyekiti alisimamisha watu. Akavua kofia, kama inavyotakiwa.

"Nani anarudi?"

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Na nadhani wao pia hawakuwahi kukisikia. Miaka yote swali lile halikuwahi kufika mwisho wake, mtu alikuwa analidaka hewani. Sasa lilianguka chini, na watu wakalitazama. Mwokaji akafungua kamba za kiatu chake akazifunga upya. Muuza dawa akatafuta kitu mfukoni.

"Nani anarudi?" Mwenyekiti akarudia.

Ndipo macho yalipoanza kuja kwangu. Kwanza jozi moja, halafu mbili, halafu wote. Wala hawakuwa na ubaya. Walinitazama vile unavyotazama mlango ambao umezoea mtu atokee hapo.

"Shemeji," Mwenyekiti akasema kwa upole, "kwa kawaida nyumba yenu..."

"Kwa kawaida!"

Ndege waliruka. Wifi alinishika mkono, nikautoa.

"Kwa kawaida, Mwenyekiti? Alipokuwa anarudi mlisema ni kawaida yake. Alipokufa mkasema hakufika. Leo mnataka na mjane wake asifike, halafu mje mniambie utaratibu ni utaratibu? Mmemla mtu mzima, mkasafisha meno kwa mifupa yake, sasa mnaniangalia mimi kama mchuzi uliobaki!"

"Shemeji, si hivyo..."

"Na sheria inasema kiongozi hamtazami mtu. Wewe umenitazama. Umeniita. Haya, mimi nasema siendi nyuma hata hatua moja. Viatu hivi vinafika. Atakayerudi mtamtafuta wenyewe, na mpaka apatikane, sheria inasema hakuna anayepiga hatua. Basi tukae."

Nikakaa. Nikatoa uzi na sindano, nikaanza kuziba soksi ya mwokaji iliyotoboka, maana ilikuwa juu ya begi langu na mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya. Yule binti alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nitarudi mwenyewe polepole," na hilo likanikata maini. Kinyozi angekuwa ameshamweka mgongoni. Nilijua hilo kuliko yeyote pale, na nilimkasirikia hata yeye, marehemu wangu, kwa kuwa mwema kiasi cha kutufanya wote tuliobaki tuonekane hivi.

"Hurudi peke yako," nikamwambia. "Kaa. Si kosa lako."

Jua lilianza kuinama. Wifi akafungua mdomo, nami nikamwambia kabla hajasema, "Wewe kisigino chako hakimudu kumbeba mtu, unajua." Akaufunga. Watu walikaa mmoja baada ya mwingine juu ya mawe. Juu kule, makundi ya miji mingine yalikuwa yanawasha taa.

"Mimi ni kiongozi," Mwenyekiti akasema hatimaye. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Siwezi kuwaacha..."

"Kondoo," nikamalizia. "Ndivyo ulivyosema mtoni."

Akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Sikumhurumia. Baadaye wifi aliniambia mzee wa watu alikuwa analia. Mimi nilikuwa naangalia soksi. Nilichosikia ni begi la binti likiinuliwa kutoka chini.

"Mimi," akasema.

Akaivaa kofia, akainama, akampa binti mgongo wake. Walitelemka taratibu, yeye akitafuta pa kukanyaga, na binti, Mungu ambariki, akaanza kumwimbia wimbo wa kuhesabu wa chekechea ili wasiteleze.

Asubuhi nikafika. Nilipanda mpando ule wa mwisho viatu vya mume wangu vikiwa vimefungwa shingoni mwangu kwa kamba zake, vinanigonga kifuani. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia. Na pale mlangoni mlinzi, kijana mpole, akaninyooshea kidole.

"Mama, viatu vinabaki nje."

"Hivi si vya kuvaa."

"Viatu vyote, mama. Humu havijawahi kuingia viatu."

Nilimtazama. Nilitaka kukasirika na hasira ikakataa kuja, nikaangua kicheko mpaka watu wakageuka. Miaka yote hiyo! Hakuna kiatu hata kimoja kwenye ule ukuta kilichowahi kuingia nyumba ya sala. Vyote viliishia pale kizingitini, na Mwenyekiti na kamati yake walijua, wamevua vyao hapo kila mwaka. Niliviweka chini vya mume wangu katika safu, katikati ya viatu vya watu, nikaingia miguu mitupu. Nilisali. Nilichosema humo ni changu.

Nilipotoka nilimkuta mwanamume mmoja anabishana na mlinzi. Si wa kwetu, wa kundi la mji mwingine, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anaomba kamba na maji. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimeachana na soli kabisa, amekifunga kwa kipande cha shati.

"Si uingie kwanza, ndugu," mlinzi alikuwa anamwambia. "Umeshafika. Mlango uko hapa."

"Siingii. Mwenzangu amelala kule bondeni, hawezi kusimama. Nipe kamba tu, nirudi."

Alisema bila kuutazama mlango. Alilisema lile "nirudi" kama Kinyozi alivyokuwa akimwambia mteja "kaa hapa."

Viatu vya mume wangu vilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimevitoa kwenye mfuko wa plastiki, nimevibeba shingoni, nimemwacha binti ninayempenda arudi na mtu mwingine kwa ajili ya viatu hivi. Msumari ulikuwa unavingoja. Nilisimama pale kwa muda nikiwa na hasira na kila mtu, na yule mwanamume akiwamo, kwa kuja na mguu ule asubuhi ile.

"Wewe," nikamwita. "Vaa hivi."

"Mama, vya nani?"

"Vaa. Usichelewe, mwenzako anangoja."

Vilimbana kidogo vidoleni. Alipiga hatua mbili tatu kujaribu, akaniinamia, akashuka mbio na kamba begani. Nilivitazama mpaka vikapotea kwenye kona.

Alhamisi ya kwanza baada ya safari nilichelewa makusudi. Nilipoingia ukumbini, Mwenyekiti alikuwa amepiga msumari mpya, katikati ya ukuta, mahali pazuri, na jina lilikuwa limeshaandikwa chini yake. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea, mgongo umemkaa vibaya. Binti wa chekechea alikuwa kitini, mguu juu ya stuli.

"Viko wapi, shemeji?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Vilifika. Halafu vikarudi na mtu."

Nikawaeleza. Mwishowe Mwenyekiti akachukua koleo akaukaribia ukuta, mkaguzi wa mizani hawezi kuvumilia msumari usio na mzigo.

"Uache," nikasema. "Ukae hivyo hivyo mtupu. Na mgeni akiuliza ni wa nini, jibu utatoa wewe."

Ameuacha. Siku za safari watu wanaugusa, wengine wamejikwaruza.

Wiki iliyopita alikuja mgeni, fundi wa majokofu anayetaka kuanza mazoezi. Alizunguka ukuta akisoma majina, akafika hapo, akasimama.

"Na huyu? Mbona hana viatu?"

Mwenyekiti alikuwa na miguu majini. Alinitazama. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu, nashona mkanda wa begi, sikuinua kichwa.

"Huyo alirudi," akasema.

"Sema vizuri," nikamwambia.

Maji yakatikisika kwenye beseni.

"Huyo ni Kinyozi," akasema Mwenyekiti. "Alirudi na mke wangu."